Maji ya Kisima cha Wapagazi

Itetemia, Tabora
6 Aprili 1986

Mpendwa mdogo wangu Apolinaria,

Kosa la wengi ni kudhani nyota yenye mkia ni moto. Nitakueleza, ila kwanza pokea salamu. Je, kifua kimepoa? Mimi na wifi yako hatujambo, isipokuwa magoti yangu.

Mwezi uliopita vyombo vya angani vilipita karibu na ile inayoonekana mwaka huu kuchunguza imeumbwa kwa kitu gani. Nilisikiliza redioni kwa jirani yangu Twalibu, fundi cherehani. Ni bonge jeusi kama mkaa, lenye vumbi na barafu. Sehemu kubwa ni maji, sawa na haya unayosongea ugali. Mkia ni mvuke na vumbi jepesi, mbali mno kufika kisimani. Twalibu akanitania: Mwalimu, mbona watetemeka, na wamesema ni barafu tu?

Unakumbuka mwaka 1970, nyota kama hiyo ilipotokea alfajiri. Nilikuwa nimeahidi wakubwa kwamba watu wetu watahamia kijiji cha ujamaa kabla ya Pasaka, na watu wamegoma kuacha kisima kilichochimbwa na wapagazi wa misafara. Ndipo nikatangaza pale kisimani kwamba mkia unadondosha sumu katika maji ya zamani. Mzee Lugembe alinicheka, akauliza nyota hiyo inachota kwa kata gani. Wengine waliniamini, maana nilikuwa mwalimu. Siku ya tatu tulihama, na Josepha wako akafia njiani, mgongoni mwako. Ukalia kwamba ulimnywesha maji yale.

Apolinaria, nilijua ni uongo tangu nilipoutamka. Tena mganga wa zahanati aliniambia wiki ile ile kwamba mtoto alikufa kwa malaria. Nilinyamaza, kwa sababu kukutua wewe mzigo kungenivua mimi heshima. Miaka kumi na sita, kila nikiinua ndoo namsikia akilia. Hukumuua mwanao. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja, unitazame usoni.

Mkweo Pelagia ameniandikia kwamba mpaka sasa huwapi wajukuu maji, unawaita watu wengine wawape. Hilo ndilo limenishikisha kalamu. Wasalimie wote hapo Ulyankulu, na Mungu akulinde.

Ukimaliza kusoma, leo hii, mpe mtoto maji kwa mkono wako mwenyewe.

Kaka yako,
Kasimiri