Nyapara wa Miaka Minne Amegoma Kunawa Mikono

Shangazi mpendwa,

Naomba msaada, na tafadhali uharakishe. Mimi si mtu wa kuandika. Kazi yangu saidia fundi. Nabeba tofali, nachanganya mchanga na saruji, nampandishia fundi karai. Mke wangu alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa, tumebaki wawili. Binti yangu ana miaka minne. Mtaani wanamwita Nyapara. Ukimwona anavyosimama, mikono kiunoni, tumbo mbele, huulizi kwa nini.

Yuko chekechea. Ana akili, anakula, hapigi watu. Tatizo lake moja. Akishaanza kitu haachi. Wenzake wakiambiwa vipande vya mbao basi, sasa kunawa, yeye hasikii. Hilo ningelivumilia. Lakini sasa darasa zima limemfuata.

Mwalimu aliniita. Nikatoka kazini na vumbi langu la saruji kichwani, nikasimama dirishani, akaniambia wewe tazama tu. Watoto wako chini wanajenga na vile vipande. Mwalimu akapiga makofi, akaimba wimbo wao wa kukusanya, wawili watatu wakaanza kuinuka. Nyapara akageuka.

"Nani kakwambia ushuke? Kozi haijafungwa!"

Kozi ni mstari mmoja wa tofali, Shangazi, ndivyo sisi tunavyosema. Wale watoto wakakaa chini kama wamevutwa na kamba. Mwalimu akasema, "Watoto wangu, ni wakati wa kunawa mikono, chakula kinapoa." Mtoto wangu akamjibu bila hata kumtazama, "Mwalimu subiri kidogo, mafundi wako juu." Ukuta wenyewe unanifika kwenye goti! Kijana mmoja mnene akasema yeye ana njaa. Akaambiwa, "Kaa, utakula tukipaua."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango. Ana kicheko kizuri yule mwalimu. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka, lakini niligeukia ukutani.

Basi nikawaza. Kazini kwetu mwenye kazi akitaka tuhame kutoka hapa kwenda pale anapuliza filimbi, kila mtu anatua alichoshika. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Nikanunua filimbi. Shangazi, hapa ndipo nilipoharibu, kwa sababu sikumpa mwalimu, nilimpa mtoto ampelekee mwalimu, na mtoto hakumpelekea mwalimu.

Siku hiyo walikuwa wanapaka rangi. Filimbi ikalia. Wote wakatoka mbio na brashi zao, rangi inadondoka, mpaka kwa mpishi, wakapanga mstari wakamwambia saa ya kula imefika, mpishi wa watu akaanza kupakua. Filimbi ikalia. Wakarudi darasani mbio. Ikalia tena, wakabeba meza ya mwalimu, wanne wanne, wanasema ni mzigo unahamia ghorofani, na shule haina ghorofa. Darasa la jirani nalo likatoka kuuliza zamu yao lini. Mama mkuu wa shule akaja kuona kuna nini, akiwa na sketi yake nyeupe. Ilikuwa nyeupe. Sasa ina viganja vya kijani mbele na nyuma.

Mwalimu anasema hajawahi kuona watoto wanahama kitu kimoja kwenda kingine vizuri namna ile, shida ni kwamba hawakutulia popote. Anacheka huku anafuta machozi. Mkuu hacheki. Mkuu kasema mpaka mwisho wa mwezi, mtoto asipojifunza kuacha jambo moja na kushika lingine bila kugomesha wenzake, akae nyumbani mpaka mwakani.

Nyumbani na nani? Kuna bibi jirani, nikitoka alfajiri namwachia mtoto amelala, yeye ndiye anamwamsha na kumsindikiza shule, lakini miguu yake mibovu, kumkimbiza Nyapara kutwa nzima hawezi. Kazini watoto hawaruhusiwi, na ni sawa, tofali zinaanguka. Nikikaa naye mimi, hatuli.

Na sijui kayatoa wapi. Sijamfundisha ubishi. Nikirudi jioni ananiuliza, "Baba, leo mmemaliza ukuta?" Mimi nimechoka, nasema tumemaliza. Ananiambia "Safi," ananipa mkono kama bosi. Tunakula, yeye anarudi kupanga vifuniko vyake vya chupa sakafuni, mimi nazima taa, analia kidogo, analala. Ndiyo maisha yetu.

Nimchape? Nimhamishe? Mwalimu amesema nisimchape. Alisema hivyo kwa upole sana. Niambie la kufanya.

Ni mimi,
Baba Nyapara

---

Baba Nyapara,

Barua yako nimeisoma na chai mdomoni, na meza yangu bado haijakauka. Utalilipa hilo siku nyingine. Leo nisikilize.

Filimbi? Ulimpa nyapara filimbi mkononi, ukategemea aifikishe kwa mwalimu? Baba wewe! Hata wewe ungepewa usingeifikisha. Iombe irudi, iweke juu ya kabati, isahau. Watoto wadogo hawahamishwi kwa kelele. Kelele inawaondoa walipo, haiwafikishi wanapokwenda. Meza ya mwalimu ni shahidi.

Umchape? Hapana. Mwalimu kasema kweli. Na kicheko chake umekisifia kuliko ulivyomwogopa mkuu anayetaka kumrudisha mtoto wako nyumbani. Hilo nimeliona. Lisubiri. Kwanza mtoto anawe mikono.

Unauliza kayatoa wapi. Kwako! Kila jioni anakuuliza kama mmemaliza ukuta, na kila jioni unamwambia mmemaliza. Kwa hesabu za binti yako, baba yake anamaliza ukuta mzima kila siku ya Mungu, halafu anakuja kula. Umeshajenga mji, bwana wewe! Sasa yeye ni nani auache wa kwake umefika kwenye goti? Anaona aibu. Hajagoma. Anafanya kazi kama baba yake anavyomwambia kazi inafanywa.

Na mwalimu akisema basi, ule ukuta unapelekwa wapi? Unavunjwa, unatupwa kwenye sanduku. Wewe mwenzangu ukiambiwa shuka ukale, na ukirudi ukuta haupo, utashuka?

Kwa hiyo leo hii, sema ukweli. Mwambie ukuta wa kazini haujaisha. Jumapili, siku ambayo hakuna kazi, mshike mkono, msimame nje ya uzio, umwonyeshe. Mwonyeshe kamba ya kunyooshea tofali mliyoiacha imefungwa. Mwonyeshe tofali za mwisho zilivyotokeza zikingoja wenzao. Mwambie: hapa tuliacha, tukaenda kula, tukalala, na kesho tunaanzia hapa hapa. Nyapara wako atalielewa hilo haraka kuliko wimbo wowote.

Halafu nenda kwa mwalimu. Nawa uso kwanza. Mwombe kona moja ya darasa ambayo ukuta wa watoto haubomolewi, na kipande cha kamba cha kuweka pale walipofika, kesho waendelee. Mwombe pia awape taarifa kabla, asiwakate ghafla: "Bado tofali mbili kila mtu, halafu tunakwenda kunawa." Mbili zikiisha, ndipo aimbe wimbo wake, na uwe ule ule kila siku. Mtoto mdogo hana saa. Wimbo ndio saa yake. Akiubadilisha kila siku ni kama amemwekea saa yenye mishale inayokwenda itakako.

Najua atakuambia mengine anayafahamu. Msikilize. Lakini ana watoto wengi na mikono miwili, na huyu wako anaweza kumsaidia badala ya kumgomeshea wenzake. Ampe kitu cha kubeba. Sabuni. Kutoka kwenye mbao hadi kwenye bomba, sabuni iko kwa Nyapara, na bila sabuni kazi ya kunawa haianzi. Utaona nani atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nani atakuwa anawaambia wenzake wakaze mwendo. Yule kijana mnene atakushukuru mpaka uzeeni. Siku nyingine sabuni ibebwe na yeye, ili binti yako ajifunze pia kuwa kibarua.

Kwa mkuu wa shule nenda mwenyewe. Usijitetee. Omba radhi kwa sketi, mwambie mpango, mwambie aje aone mwisho wa mwezi. Usiende na filimbi.

Sasa lililobaki ni la nyumbani, na hapa sicheki. Mtoto anapanga vifuniko vyake, wewe unazima taa. Analala, akiamka haupo. Kila kitu kwake kinakatika bila kuambiwa, na anayekata ni wewe unayempenda. Mama yake hakupata nafasi ya kumuaga. Wewe unayo, kila alfajiri, na unapita nayo mlangoni kimya kimya usimwamshe. Mwamshe! Mguse shavu, mwambie, "Nakwenda kuendelea na ule ukuta, jioni narudi." Akilia, alie kidogo, bibi yupo. Kilio cha kuagwa kinapita haraka.

Na jioni akikuuliza kama mmemaliza, mjibu, "Bado. Kesho." Msaidie kuweka kamba pembeni ya vifuniko vyake. Mwambie, "Bado viwili, halafu nazima." Ngoja aweke viwili.

Kisha mpe yeye azime.

Shangazi