Aliyenikumbusha Sabato

Nyanchwa, Kisii
Jumapili jioni

Kwako dada yangu mpendwa Mokeira,

Pokea salamu tele za mdogo wako. Je, hamjambo hapo Masimba? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Na Nyabuto wako, bado anaukataa uji? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Ndizi ulizonitumia zilifika, nikala peke yangu hadi zikanishinda.

Dada, uliponipigia simu ulinisomea lile neno la kutofungiwa nira na wasioamini, kana kwamba mimi ni fahali wa kulima. Ukasema Mama hali chakula, eti nitaolewa na Rashad wa duka la vitambaa, nivalishwe buibui. Mnamwita yule Mwislamu, na hamjawahi kumwona! Duka lao limepakana na chumba ninachoshonea. Kila Ijumaa alasiri alikuwa akinigongea ukutani, akinihimiza niache cherehani, kwani jua linashuka nami sijapika chakula cha Sabato, akijua kwamba likishazama sisi hatupiki hadi kesho yake jioni.

Mzee Onchiri wa kanisa letu aliniita, akaniambia nichague kati ya Rashad na kanisa. Nikamuuliza Rashad kama angekubali kubatizwa. Akanijibu kwamba anayemwacha Mungu kwa ajili ya mke, siku moja atamwacha hata huyo mke. Nilimwelewa, maana hata mimi nisingeliacha kanisa. Mama yake, Bi Ruqiya, alinikubali pamoja na Sabato yangu, ila alisema kwa upole kwamba watoto wangefuata dini ya baba yao. Nikajiona nimeketi Shule ya Sabato, na mwanangu hayupo kando yangu.

Basi Mama na ale. Nilimkataa Rashad mwezi uliopita. Nampenda hata sasa ninapoandika. Mzee Onchiri alinishika mkono mbele ya kanisa, watu wakaitikia amina, kisha kila mtu akaenda kula kwake. Tangu hapo hakuna aliyebisha mlangoni kwangu.

Rashad hagongi ukuta tena, na ni heshima yake. Ijumaa iliyopita nilishona gauni la bibi harusi mmoja, na nilipoinua macho, giza lilikuwa limeshaingia na jiko ni baridi. Sabato hiyo nilishinda njaa.

Msalimie shemeji Sylvanus. Mwambie Mama nimemtii, ila habari ya njaa usimwambie. Na wewe, dada, uwe ukinipigia simu Ijumaa, kabla jua halijazama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bonareri