Hooyo, Wanataka Niseme Ulidanganya

Hooyo, mama yangu uliyelala kaburini Hadado, kijijini kwetu,

Kesho saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya kamati ya uhakiki wa uraia hapa Garissa. Nakuandikia wewe kwa kuwa wengine wote nimewachosha.

Unakikumbuka kitabu changu cha jiografia cha darasa la sita? Hukujua kusoma, lakini ulikipakata ukaniuliza watu wa Bhutani wanafuga nini huko juu milimani. Nikakuonyesha ng'ombe wao, manyoya yakiwafika kwenye kwato. Ukacheka. "Huyu angekufa Hadado kabla ya adhuhuri." Kisha ukataka kujua nani huwakamua, wanaume au wanawake. Sikujua. Mwaka huu niliamua kwenda kuuliza.

Nimeomba likizo shuleni ninakofundisha. Nchi ile haimruhusu mgeni kuzunguka bila mwongozaji, nami nimempata mwanamke, binti wa wafugaji, ambaye ameahidi kunilaza kwa shangazi yake. Anangoja nakala ya pasipoti yangu kabla ya Ijumaa ili aniombee viza. Abti, kaka yako, ananitania kwamba watu wetu wakipanda ndege huenda Makka, mimi nakwenda kusalimia ng'ombe.

Lakini pasipoti haipo. Kitambulisho nilikipata zamani, kabla hawajaanza kulinganisha alama za vidole. Safari hii, nilipoomba pasipoti na kuweka vidole kwenye mashine, karani alitazama kompyuta, akanitazama, akasema kwa upole ulionitisha, "Dada, hapa wewe ni mkimbizi."

Ni ule mwaka wa ukame, Hooyo. Tulibaki na mbuzi wanne, kisha hatukubaki na hata mmoja. Kwenye lori la kwenda kambini ulinifundisha jina la kijiji cha ng'ambo ya mpaka, kijiji ambacho hatujawahi kukiona. "Ukiitaja Hadado, watajua sisi si wakimbizi, hatupati unga." Nililirudia njia nzima.

Sasa karani amenichapia kiapo. Sentensi ya tatu inasema kwamba mama yangu mzazi aliwadanganya maofisa. Nikitia sahihi, faili itapita haraka, kwa kuwa marehemu hashtakiwi. Abti naye ameshikilia hilo hilo.

"Mama yako yuko kwa Mola. Karatasi ya Garissa haimfikii huko. Tia sahihi, uende kwa ng'ombe wako."

Siku tatu nimeshindwa. Kuna jambo Abti halijui. Pale mezani kambini, ulipoulizwa umetoka wapi, ulinyamaza. Uliitazama mikono yako. Mkalimani akarudia swali, foleni ikaanza kunung'unika nyuma yetu, nawe ukashindwa kuikana nchi ya baba zako. Niliyesema ni mimi, wa miaka kumi na moja, kwa sauti ya mwanafunzi anayejua jibu. Tukachukuliwa alama za vidole, tukapewa kadi ya wakimbizi. Ulinishika mkono kwa nguvu hadi nje, hukunisifu wala hukunigombeza, na hatukulizungumza tena mpaka ulipofariki. Sikuthubutu kukuuliza kama ulinionea aibu.

Nina hasira nawe pia, sitakuficha. Ungesema wewe siku ile, leo ningetia sahihi bila kusita.

Mchana huu nimeikata ile sentensi. Juu yake nimeandika kwa mkono: "Mama yangu hakusema neno. Niliyejibu ni mimi, tulikuwa na njaa." Karani, nilipompigia simu, alinionya kwamba kiapo kilichobadilishwa huirudisha faili mwanzo, na kwamba anayekiri mwenyewe huhojiwa sana. Nimemwandikia mwongozaji wangu wa Bhutani asiningoje Ijumaa. Bado hajajibu.

Pumzika, Hooyo. Naogopa kesho watanikatalia. Naogopa zaidi kwamba wewe ungetaka nitie sahihi.

Binti yako