Mapengo Mawili na Bakuli la Bati

Mpendwa Shangazi Chiku,

Naomba msaada wako, na nitaanza na sauti kwa sababu ndiyo haijaniacha: ting, chuma chembamba kikianguka kwenye bakuli la bati. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa nje ya kliniki ya meno ya Papa huko Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, na kila iliposikika ting Papa alimwacha mgonjwa kitini, akatoka maji yakimchuruzika viwikoni, akamshika mama fulani mikono yote miwili.

Kile chuma kilikuwa spoku ya baiskeli. Kwetu mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, watu humtazama fizi, na wakiona vivimbe vyeupe mahali chonge zitakapoota wanasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua, basi mama mmoja mwenye spoku iliyonolewa anayachimbua. Si plastiki, Shangazi. Ni meno yenyewe, bado machanga, na mara nyingi hata ya ukubwani hayaoti tena. Mimi sina chonge za chini, kushoto wala kulia. Nina miaka ishirini na saba, ni daktari wa meno hapa Johannesburg, na bado nacheka nimefunga mdomo.

Papa, Ildephonse, alizaliwa mlimani kwa wakulima wa mihogo ambao hawakuwa hata na hiyo baiskeli. Alilima kabla ya shule na baada ya shule, na nadhani jembe ndilo lililomfundisha kwamba kitu kilichoshikwa na udongo hakivutwi, kinalegezwa kwanza. Alipomaliza masomo wenzake walibaki Bujumbura, yeye akarudi kwenye mji mdogo ambako umeme ulikuja ukipenda, akapata kiti cha kinyozi, akakifungia magurudumu, asubuhi mgonjwa akatazama dirisha la mashariki na alasiri la magharibi, siku nzima anasukumwa kulifuata jua. Hakumuuliza mtu "unaumwa wapi" kabla ya "unatoka mlima gani," kisha waliongea habari za maharage mpaka sindano imeshaingia na kutoka. Nimesoma miaka mitano kwenye mashine ambazo yeye hakuwahi kuziona, sijakutana na mikono kama ile, na nikiikumbuka nanyamaza kama mtu aliyeingia kanisani peke yake.

Alipinga spoku miaka na miaka. Na nilipokuwa na miezi sita nikapata homa, yeye yuko kwenye safari ya chanjo, mama yake mzazi akanichimbua. Mama alinisimulia kwamba Papa aliporudi alinitibu siku nne bila kumgombeza mtu, siku ya tano akamfuata Bibi shambani, akachukua jembe la pili, wakamaliza tuta zima, ndipo akasema, "Mama, njoo unisaidie kazi mjini." Bibi akakaa kwenye benchi la mlangoni miaka kumi na mmoja. Kila mama aliyekuja na mtoto mwenye homa alimwambia, "Mimi ndiye niliyemng'oa mjukuu wangu. Nilikosea. Emérite, njoo ufungue mdomo." Nilifungua, na nilichukia, Shangazi, nilichukia kugeuzwa mfano. Lakini wenye spoku wakaanza kuzileta, moja moja, wakazidondosha bakulini.

Papa na Bibi walifariki mwaka mmoja, Mama akafuata, na aliyenipokea hapa mtaa wa Bellevue nikiwa na miaka kumi na minne ni rafiki yake Mama. Jina lake nimelibadilisha, mwite Mama Hélène. Ni fundi cherehani, alikuwa na chumba kimoja akakigawa kwa pazia, na upande wenye dirisha akanipa mimi nisomee.

Mama Hélène ana spoku.

Wiki tatu zilizopita alimchimbua Exaucé, mtoto wa jirani yetu Clémentine, msusi. Fizi zikatunga usaha, mtoto akalazwa siku kumi ndipo akapona. Wauguzi waliuliza nani amefanya hivi, Clémentine akatazama sakafu, na mimi niliyesimama pale kama jirani msomi nikatazama sakafu pia. Niliporudi nikamwambia Mama Hélène, "Mama, hii lazima iishe." Akajibu pini ziko mdomoni.

"Docteur wangu, wewe umesoma vitabu. Mimi nimezika watoto wawili kwa sababu nilichelewa kuwang'oa. Na wewe si ulichimbuliwa? Umekufa? Si umekuwa daktari?"

Nikafunga mdomo, kama kawaida yangu.

Sasa Jocelyne wa chumba cha nyuma ana mtoto wa miezi minne ambaye ameanza kuharisha kidogokidogo, na nimemsikia Mama Hélène akimwambia, "Usijali, niko hapa." Nikimshtaki, mwanamke aliyenilea atapelekwa polisi na karatasi zake za ukimbizi bado zinangoja kufanywa upya. Nikinyamaza, mtoto huyu huenda asiwe na bahati ya Exaucé. Papa angejua la kufanya, mimi sijui, na juu ya yote naona aibu kwamba tarehe ishirini rafiki yangu kazini, Daktari Tania, ataniwekea meno ya bandia kwenye mapengo, na siku hiyo naisubiri kuliko kitu chochote.

Emérite, Bellevue

JIBU LA SHANGAZI CHIKU

Emérite mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na baba yako nimemvulia kilemba. Sasa kaa nikuseme.

Kwanza, ulipofika kwenye neno "kuharisha" ungeweka kalamu chini, ukaenda kugonga mlango wa Jocelyne. Kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa simu, la gazetini litafuata. Nenda sasa hivi. Mpeleke na mtoto wake kliniki, mwambie kile kivimbe ni jino, na kinachomuua mtoto anayeharisha ni maji yanayomtoka.

Pili, rudi kwa wauguzi useme kilichompata Exaucé. Ulipotazama sakafu hukumlinda Mama Hélène, ulijilinda wewe usionekane mtovu wa shukrani.

Tatu, umemfanya baba yako malaika, ndiyo maana unaona huwezi kumfuata. Malaika hana haja ya kumaliza tuta. Yule alikuwa mtu mwenye hasira, akalishika jembe mpaka hasira ikapungua, kisha akamwomba mama yake msaada. Wewe uliingia kwa Mama Hélène na amri ya mstari mmoja. Ulitegemea nini? Nenda tena bila cheo. Shika nguo anayoshona, pinda upindo pamoja naye. Muulize majina ya hao wawili aliowazika. Umemuuliza lini? Ukishasikiliza, mweleze kilichowaua. Kisha mwambie wazi, kwa heshima, kwamba akigusa mtoto mwingine utakwenda kusema mwenyewe, karatasi au hakuna karatasi. Na ulimaanishe, maana mtoto hana karatasi wala sauti.

Halafu mpe benchi, kama baba yako alivyompa Bibi.

Kuhusu meno ya bandia sina neno. Mdomo ni wako, si wa baba yako wala wa mtaa.

BARUA YA PILI YA EMÉRITE

Shangazi, mtoto wa Jocelyne amepona. Wauguzi nimewaambia. Mama Hélène na mimi tulipinda sketi sita za shule, na waliozikwa walikuwa Armel na Fiona. Miaka kumi na mitatu nakula naye sahani moja, sikuwahi kuuliza. Nilipomwambia lile la mwisho, kwamba nitakwenda kusema, alikata uzi kwa meno. Nikamwambia pia kwamba benchi la kliniki yetu lina nafasi yake.

Jumanne alikuja kliniki ninakofanya kazi, bila kualikwa mara ya pili. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mkoba umefungwa mapajani, na najua spoku imo ndani kwa sababu nilimuuliza, akasema, "Imo," basi. Alikaa mpaka karibu saa sita. Kisha mama mmoja akakaa kando yake na mtoto mwenye homa, wakanong'ona kidogo, nikamsikia Mama Hélène akiniita kutoka mlangoni, safari hii si kwa cheo cha docteur.

"Emérite, njoo umwonyeshe."

Nikamwacha mgonjwa wangu kitini, mikono bado ina maji. Nikachuchumaa mbele ya yule mama nikafungua mdomo, mwanga wa taa ukaingia mpaka kwenye mapengo, na safari hii hakuna aliyenilazimisha. Mchana uleule nilimpigia Tania nikafuta miadi ya tarehe ishirini.