Kwa Baba Theoneste Twagirayezu, Mkamuaji wa Ndizi wa Rugu

Baba, leo mwaka umetimia tangu tukulaze nyuma ya migomba yako hapa Rugu. Watu wanatuambia uchungu hupoa. Wa kwetu bado.

Ulikuwa mkamuaji wa ndizi. Harusi haikupangiwa siku, Rugu wala Nyakasimbi, kabla hujaulizwa kama una nafasi. Ulinawa miguu mpaka magotini, ukaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, ule wa gogo lililochongwa, ukazikanyaga ndizi na nyasi huku ukimtania bwana harusi. Rubisi yako, pombe ile ya ndizi, ilisifiwa mpaka Ndama.

Kisha kidonda cha mguu kikakulaza, na mwaka 1985 hospitali wakaukata mguu. Uliporudi hukutaka kuliliwa. Ulimwita mdogo wako Melkiory, akachimbia nguzo mbili kando ya mtumbwi, akafunga mti wa kushikilia. Ulijaribu, ukaanguka, ukatukana, ukajaribu tena. Kufikia mavuno ya kahawa ulikuwa unakamua kwa mguu mmoja, na Mama alipoonja alisema haoni tofauti.

Majirani walikupenda, kwa namna yao. Kila sherehe walikupa kiti cha mbele na kibuyu cha kwanza. Ndizi za kukamua hawakukuletea tena.

"Mzee Twagirayezu, pumzika, umeteseka vya kutosha."

"Hii amekanyaga nani?" uliuliza, ukakiweka kibuyu chini bila kunywa. "Mimi sitaki pombe. Nataka kazi."

Walicheka, wakadhani ni utani wako ule ule. Hatujawasamehe kicheko kile.

Ni Mzee Othman wa dukani tu, ambaye pombe hagusi kabisa, aliyekuletea mikungu umkamulie juisi ya harusi ya binti yake Maua. Siku ile uliimba tangu asubuhi. Shikamoo, Mzee Othman, na asante.

Wengine walikuja msibani. Kila nyumba ilileta mkungu wake, kama ilivyo desturi. Ua ukajaa ndizi mbivu mpaka mlangoni, Baba, zile zile ulizozingojea miaka yote. Wewe ulikuwa umelala ndani, nao wamesimama kando ya mtumbwi wako, wanaulizana nani atakanyaga.

Unakumbukwa na mkeo Costansia, mdogo wako Melkiory, wanao Kokuberwa, Placidia na Athanasi, pamoja na wajukuu.

Mtumbwi wako hatumwazimi mtu. Hatutakusahau kamwe.