Niwe Macho au Nilale Wakinitengeneza Mgongo?

Mpendwa Bi Mshauri, naomba msaada wako kabla hawajaja kunichukua, mimi ni Mjomba Zubeiri wa Ushongo, Pangani nzima inanijua na asiyenijua ni mgeni, nimelazwa hapa Tanga nimevunjika pingili ya mgongo baada ya kuruka kutoka kwenye pantoni kabla halijagusa ng'ambo, nilitaka vijana waone mtu mzima anavyoruka, wakaona mtu mzima anavyotua kwa makalio, ingawa wodini nimesimulia kwamba nilikuwa namwokoa mbuzi wa mjane, na kila nikisimulia mbuzi wanazaana, sasa ni kundi zima. Daktari anataka kuingiza sindano nene mgongoni ajaze kitu kama saruji, na daktari wa usingizi ameniuliza napendelea nini, nilale kifudifudi niko macho kwa ganzi, au nilazwe fofofo, nikamwambia ganzi ya nini, nichomeni hivi hivi huku nawapigia hadithi, akacheka, akauliza kama nina maradhi yoyote, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi, kwa sababu kitanda cha jirani amelala Methusela, Msambaa, mtani wangu, masikio kama sungura, na mbele ya mtani sisi Wazigua hatuugui, nikajibu tangu nizaliwe sijameza kidonge, Methusela akadakia, "Ukifia huko, Mzigua, hilo blanketi langu!" nami nikamwambia, "Utatangulia wewe, viazi vyako Lushoto vikulilie!" wodi nzima ikacheka, isipokuwa mke wangu Tausi, ambaye alinifinya mguu chini ya shuka, maana ndiye anayeninunulia vidonge vya presha na kile kipulizio cha pumu, na nyumbani nalala nimeegemea mito kama sultani, nikijinyoosha tu pumzi zinaniruka. Sasa nikilazwa fofofo naogopa nisirudi, nikiwa macho naogopa nitalia mpaka wasikie wodini. Nichague lipi?

Mjomba Zubeiri, shikamoo. Heshima zangu zinaishia hapo.

Kwa mgongo, pole sana. Kwa mdomo, sikupi pole. Daktari wa usingizi anajiandaa kumhudumia mtu mwenye kifua kizima ambaye hayupo, kisha mezani utapanda wewe na pumu yako. Pumzi zikikuruka umelala kifudifudi, sindano imo mgongoni, utainuka uende wapi? Na ukilazwa fofofo bila wao kujua habari ya kifua na presha, hiyo hofu ya kutorudi umejitengenezea mwenyewe. Mimi siwezi kukuchagulia, na yeye pia hawezi, mpaka aambiwe ukweli.

Kulia? Lia, baba. Sisi wanawake tunazaa kwa makelele na hakuna anayetuvua heshima. Ukibaki macho, waulize kama kuna dawa ya kukutuliza.

Leo hii mwite muuguzi, omba kuonana na daktari wa usingizi faragha, mbali na hayo masikio ya sungura. Tausi alete vidonge na kipulizio, aeleze yeye. Akieleza wewe nyamaza, usimsahihishe, usiongeze mbuzi. Baada ya hapo, njia atakayoona daktari inakufaa ndiyo hiyo, ikubali.

Methusela akipata habari atakutania mpaka mtoke wote wawili. Vizuri. Ndiyo kazi yake, na anakuhitaji uwe hai ili aifanye.