Kanzu Zako za Rangi ya Chungwa

Mama,

Nakuandikia kukupa habari. Zile kanzu za kwaya ulizotushonea, za rangi ya chungwa, nusura zituvunje.

Uliondoka duniani mapema. Kura ya katiba ilipokuja, upande mmoja ukachukua chungwa kuwa alama yake, na nguo ya kumwimbia Mungu ikawa nguo ya siasa. Nasi tulikuwa tumealikwa Bungoma, kwaya nne kuimba pamoja. Mimi uliyeniachia kwaya ndimi niliyetakiwa kusema tuvae nini.

Mazoezini huku mtaani kwetu Tuwan hakuna aliyeimba. Nekesa wa sauti ya kwanza alisema kuziacha kanzu ni kumtukana marehemu. Kamau wa besi akasema yeye ana watoto, hawezi kupita barabarani na rangi hiyo apigwe mawe bure. Wakakaa mbalimbali, wenyeji huku, sisi watu wa kutoka Murang'a, tuliohesabiwa upande wa pili, kule. Mama, watu hawa wote wamenibeba mgongoni nikiwa mtoto! Niliogopa. Nilijua nikichagua upande, Jumapili nitaimba na nusu ya kwaya.

Nikaenda kupiga pasi, maana sikujua la kufanya. Nikageuza kanzu, pasi ianzie ndani, vile ulivyonifunza. Si unakumbuka ulivyokuwa ukinifokea? "Shona ndani kama watu wataona." Bitana nyeupe, hakuna uzi unaoning'inia. Nikakaa chini, pasi ikapoa.

Tulizivaa tumezigeuza, sote. Kamau alinuna, Nekesa akanuna zaidi, lakini walivaa. Bungoma watu walikuwa wanangoja kuona tumekuja na rangi gani. Tulipoingia tukajipanga mbele ya ukumbi. Mzee mmoja wa viti vya mbele akauliza, "Mbona mmegeuza nguo? Kwani mmefiwa?"

Nikasema ndiyo. Nikasema aliyezishona ni mama yangu.

Akavua kofia. Mama, tukaimba. Nekesa alikuwa analia na sauti yake haikuyumba, na Kamau alikuwa amesimama karibu naye.

Kura imepita, lakini sokoni watu bado wanasalimiana nusu nusu. Siku chungwa litakapokuwa rangi tu, nitazigeuza tena, nakuahidi. Kwa sasa zimetundikwa chumbani kwako, mshono nje. Nimezikagua zote, Mama. Hakuna hata moja ya kurekebisha. Lala.

Wako,
Wambui